Ni Gitaa au ni Mimi

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, njaa tu ndiyo hainiachi, na hiyo nimeirithi upande wenu. Kazi kwa dobi inaendelea. Tunapiga pasi mashuka ya hoteli na makoti ya watu wenye haraka, na mwenye duka bado anaamini kuwa feni ni anasa. Mpe mama pole ya goti. Ile dawa niliyomtumia ni ya kuchua, asije akainywa. Namjua dada yako.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu masikio yako yastaafu, simu umeifanya kizuizi cha mlango, na ujumbe wa maandishi unaujibu kwa neno moja, "Sawa", hata mtu akikuuliza ni saa ngapi. Kwenye karatasi angalau unapiga porojo kama zamani.

Sasa lililonileta. Lile gitaa langu la umeme, jekundu, la bei ya kutupa, nililonunua nilipoingia kwenye bendi, limenichosha. Nyuzi zinakatika ovyo. Nikipanda juu ya shingo, kuelekea tumboni kwa gitaa, nikabonyeza nyuzi tatu kwa pamoja, zinagombana kama wake wenza. Mkono wa kushoto unachoka kabla ya wimbo kwisha. Naona nina njia mbili. Ya kwanza, nilirekebishe hilo hilo: nibadilishe vinasa sauti, vile visumaku vilivyo chini ya nyuzi, niweke funguo mpya za kukazia nyuzi, nitoe na nyaya za ndani zote. Ya pili, nilitupe huko, ninunue viungo kimoja kimoja, mwili huku, shingo kule, niunge gitaa langu mwenyewe. Mpiga besi wetu anasema kuunga ndiyo mpango. Mpiga ngoma anasema nirekebishe, lakini yule kazi yake ni kupiga vitu kwa vijiti, nimsikilize wa nini?

Mwezi wa saba tunaingia studio. Kiongozi wetu wa bendi, ambaye tunamwita Mwalimu Mkuu kwa jinsi anavyotutazama juu ya miwani, ameshasema anayepiga solo awe safi, la sivyo atamtafuta mwingine. Kwa hiyo nataka neno lako wewe uliyetengeneza magitaa kabla sijazaliwa. Nirekebishe au niunge?

Hakuna kingine. Mambo yote ni mazuri tu.

Mpwa wako,
Kengele


2 Aprili

Kengele wangu,

Marahaba, na nyingine ya ziada kwa sababu nimechelewa. Nilikuwa na kabati la bwana mmoja ambaye kila Jumatatu anaamka na mawazo mapya kuhusu milango. Mama yako anakusalimu. Goti limetulia, sasa dawa anaipaka kwenye kiwiko ambacho hakina shida yoyote, eti isije ikaharibika bure. Mdogo wako amepata leseni ya udereva. Tangu siku hiyo hata duka la mkabala anataka kwenda na gari la watu.

Nikujibu kama fundi kwanza.

Kuunga gitaa kutoka kwenye viungo kunavutia, kama harusi ya watu wengine. Shingo inatoka kwao, mwili unatoka kwao, kila mmoja na tabia zake. Wakikutana, matundu hayalingani, shingo haikai kitako, na wewe ndiye mshenga, unabaki na msasa mkononi unasuluhisha. Utajifunza mengi, sikatai. Lakini utajifunza kwa kuharibu, na mwezi wa saba utakukuta na gitaa nusu na visingizio kamili.

Kurekebisha nako kuna mtego. Ukiweka vinasa sauti vipya kwenye gitaa lenye shingo mbovu, umepaka rangi nyumba inayovuja. Shingo ndiyo roho. Ikiwa imenyooka na vile vyuma vyake vya kubonyezea, vilivyopangwa shingoni kama ngazi, havijalika, gitaa la bei ya kutupa ni mali. Ikiwa imepinda, la kuvunda halina ubani, lipeleke jikoni likachemshe maji. Watu wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nasema jembe bila mpini nalo si jembe.

Ila hujaniambia linaumwa wapi. Mgonjwa anayesema "naumwa tu" hatibiwi. Nijibu haya. Zinagombana nyuzi zote au nyembamba peke yake? Ni huko juu tu, au hata chini karibu na kichwa? Sauti inapanda au inashuka? Ukipiga peke yako chumbani inakuwaje, na ukiwa na wenzako inakuwaje? Na ile pasi yenu ya mvuke, ikianza kupumua nyuma yako, unaisikia kabla hujageuka? Na mtu akikuita ukiwa umempa mgongo?

Usinunue chochote. Hata skrubu.

Mjomba wako


13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti limepoa. Kiwiko nacho nakipa pole kwa kuchuliwa bila kosa. Mwambie dereva mpya akimgonga mtu asinitaje.

Majibu yako haya. Shingo imenyooka, nimeichungulia kwa jicho moja kama ulivyonifundisha. Vyuma vizima. Nyuzi zote zinagombana, ila ni huko juu tu, chini karibu na kichwa ni shwari. Nikiusukuma uzi pembeni kidogo kwa kidole, inakaa sawa, kwa hiyo nasukuma. Nimezoea hivyo hata sijui tena kama nasukuma. Kama sauti inapanda au inashuka, sisemi, maana siku hizi sijiamini.

Sasa, pasi. Mjomba, pasi si sehemu ya gitaa. Nimelisoma swali hilo, nikakunja barua, nikaifungua, nikalikuta bado lipo. Fundi gani wa magitaa anauliza kama mtu akiitwa anageuka? Mimi nimekuuliza nirekebishe au niunge, wewe unaniletea habari za pasi! Kama una jambo la kuniuliza, niulize. Kama huwezi, tuliache, na mimi nitaunga, basi, nimeamua.

Maana hata gitaa zuri halikunisaidia. Jumamosi iliyopita Mwalimu Mkuu alikuja mazoezini na mgeni wake, na mgeni ana gitaa la watu wenye nazo, linang'aa, ukilishika unajisikia umeoga. Nikapewa nijaribu. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaingia kwenye solo ambayo naijua hata nikiwa usingizini. Mpiga besi akaacha kupiga. Mwalimu Mkuu akavua miwani kabisa, akasema, "Binti, unapanda juu ya sauti. Kila unapogusa." Mimi nilisikia kuna uchachu, nikadhani ni besi. Nikazidi kusukuma kama kawaida yangu, ikazidi kuchacha.

Kwa hiyo gitaa bovu nikilipiga, bovu. Gitaa zuri nikilipiga, bovu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaipata.

Sikukusudia kuandika hayo. Yameshaandikwa, na kalamu hii haina kifutio. Usimwambie mama.

Kengele


20 Aprili

Kengele,

Barua yako imefika asubuhi hii na bado sijavaa viatu vya kazi. Nyumbani wote wazima. Salamu nyingine tuziache.

Umesema nikuulize. Haya. Unaogopa kwamba masikio yako yanakwenda, kama yalivyokwenda ya bibi yako, kama yalivyokwenda yangu. Nami naogopa hilo hilo tangu barua yako ya kwanza. Kabati la yule bwana lilikwisha zamani. Niliogopa kukujibu.

Niliogopa kwa sababu mimi nilianza hivyo hivyo. Nikiwa na umri kama wako nilianza kulilaumu gitaa. Nikabadilisha vinasa sauti, bado. Nikabadilisha spika, bado. Nikagombana na mpiga besi wetu, mtu wa watu, nikamwambia anapiga kama anachota maji. Nilirekebisha kila kitu duniani isipokuwa kwenda kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi niliposoma "nirekebishe au niunge", niliacha kazi nikaisoma tena. Mama yako akaniuliza kwa ishara mbona nimebadilika sura. Nikasingizia vumbi la mbao.

Lakini hebu tulia unisome vizuri. Barua yako ya pili nimeirudia, na kuna kitu kinagoma. Masikio yangu yalipokuwa yanakwenda, mimi nilikuwa mtu wa mwisho kujua kwamba kuna uchachu. Wewe umeusikia katikati ya besi na ngoma. Halafu hicho kidole chako. Unasema ukiusukuma uzi pembeni, inakaa sawa. Uzi ukisukumwa sauti inapanda, haishuki hata uufanyie maombi. Sasa nani amekiambia kidole chako kwamba sauti ilikuwa chini?

Sitaki kukupa matumaini ya bure, kwa hiyo fanya hivi. Uguse uzi mwembamba kwa ncha ya kidole, juu kabisa ya chuma cha kumi na mbili, bila kubonyeza, upige. Itatoka sauti nyembamba kama filimbi. Kisha bonyeza hapo hapo, wima, usisukume, upige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa ziwe mapacha. Halafu tafuta tepu. Pima kutoka kile kijipande kama mfupa kilicho kichwani, nyuzi zinapoanzia, hadi chuma cha kumi na mbili. Kutoka hapo pima hadi kwenye daraja, kile chuma cha tumboni ambacho nyuzi zinakikalia. Vipimo hivyo viwili ni ndugu. Cha pili kikizidi, kizidi kwa punje ya mtama, si zaidi. Masikio ya kukusaidia sina, lakini tepu haihitaji masikio.

Na hata majibu ya gitaa yakiwa mazuri, nenda hospitali wakupime wewe. Gitaa haliwezi kukupima. Si kila mtu kwetu anaurithi ugonjwa huu. Mama yako anasikia hata jirani akifunika sufuria.

Mjomba wako


18 Mei

Kengele,

Sisi tunaendelea. Kiwiko cha mama yako sasa kinauma kweli, anasema ni kwa sababu ya kukichua sana.

Niliandika, hukujibu. Kukaa kimya ni desturi ya ukoo huu na unaona ilipotufikisha. Kama umepima na majibu ni mabaya, niambie tuwe wawili. Nimeishi na ukimya huu miaka mingi. Si kaburi. Natengeneza makabati, nacheka, nakula chakula cha dada yangu na kugombana naye kwa mikono. Kama hujapima, pima. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Silali vizuri, mpwa wangu. Nijibu hata kwa neno moja. Hata "Sawa".

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba wangu, mjomba wangu, mjomba wangu,

Shikamoo mara zote ulizonidai. Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Barua yako ya mwezi wa nne niliisoma mara moja, nikaificha kabatini chini ya mashuka, na kila nikipiga pasi najua ipo pale inanisubiri. Nilijiambia nisipopima, sitakuwa na ugonjwa. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Halafu ikaja hii ya pili. Hapo uliposema tuwe wawili pameniliza mbele ya wateja, mama mmoja akadhani nimeunguza koti lake. Nikasema basi, liwalo na liwe.

Jumanne, duka lilipofungwa mchana, nikalitoa gitaa kwenye mfuko nikakaa kwenye meza ya kukunjia. Nikagusa uzi, nikapiga. Filimbi. Nikabonyeza hapo hapo, wima, nikakikaza kidole kisisukume, maana kilitaka kusukuma, mjomba, kilikuwa kinawasha kabisa. Nikapiga. Ilikuwa chini. Si kidogo, ilikuwa chini waziwazi. Nikapiga uzi wa pili, chini. Wa tatu, chini. Zote sita.

Sikujiamini. Nikaenda kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, yule anayeongea na pini mdomoni, nikamwomba tepu. Akauliza gitaa linashonewa nguo? Nikapima. Kutoka kichwani hadi chuma cha kumi na mbili, sentimita thelathini na mbili na nusu. Kutoka hapo hadi darajani, thelathini na tatu na nusu. Nikapima tena. Yeye akaninyang'anya tepu akapima mwenyewe, akatema pini, akasema, "Kwani wamekata kwa macho? Ningekata suti hivi, mwenye suti angeniua."

Sentimita nzima! Zile skrubu za darajani za kusogezea zimekazwa mbele hadi mwisho, haziendi tena. Huko kiwandani walilitoboa pasipo pake, wakapaka rangi, wakaliuza. Na mimi miaka yote hii napiga gitaa ambalo kila nikipanda juu linashuka, na masikio yanasema "iko chini", na vidole vinasukuma, na mimi mwenyewe sina habari. Ndiyo maana mkono unachoka. Ndiyo maana nyuzi zinakatika. Na nilipopewa gitaa la mgeni, ambalo halina kosa, vidole viliendelea kusahihisha! Vilikuwa vinasahihisha kosa ambalo halipo.

Nilicheka peke yangu pale mezani. Halafu nikakumbuka kwamba hiyo ni nusu. Nikaomba ruhusa Ijumaa, nikaenda hospitali ya masikio.

Wanakuingiza kwenye kichumba kama kabati lako, wanakuvika spika za masikioni, wanakupa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Mimi nikabonyeza, nikabonyeza. Daktari akafungua mlango akasema, "Dada, bado sijaanza." Nilikuwa nabonyeza gurudumu la kitoroli lililokuwa linalia huko nje kwenye korido. Akaanza. Tulipomaliza alinionyesha mstari kwenye karatasi, umenyooka juu kabisa. Nikamweleza habari ya bibi na yako. Akasema kwa sababu ya ukoo nirudi kila mwaka, na pale dobi nikae mbali na kelele za ile mashine ya kukamua nguo, lakini kwa leo hana la kunitibu, niende nikapige muziki.

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia. Nikajisikia kwa masikio yangu nikilia, nikalia zaidi kwa raha.

Sasa mwambie mama. Umwambie vizuri, asije akanitumia dawa ya kuchua masikio.

Na swali langu bado liko pale pale. Nirekebishe au niunge?

Kengele, mwenye masikio yake


3 Juni

Kengele wangu mwenye masikio,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaidi amri, na nilipofika kwenye mstari ulionyooka nikaketi kwenye maranda. Mwanangu, nimelia. Sioni aibu kukuandikia. Jana, mara ya kwanza tangu Machi, nimelala mpaka jua likanikuta.

Mama yako nimemwambia. Alinipiga na kitambaa cha jikoni kwa kumficha, akanikumbatia, akanipiga tena. Nawe amekuwekea cha kwako, utakikuta ukija.

Jibu: rekebisha. Na urekebishe kitu kimoja tu. Vinasa sauti viache, funguo ziache, nyaya ziache. Fungua daraja. Ziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mti mgumu na gundi ya mbao, uache ikauke kabisa, usiikimbize. Pima upya, weka daraja mahali ambapo lingekuwa tangu mwanzo. Pima mara tatu, toboa mara moja. Yule fundi cherehani awe shahidi, nimempenda. Shingo yako ni nzima, na mwenye shingo nzima haanzi ujenzi. Kuunga utaunga siku nyingine, ukiwa na nafasi ya kukosea.

Wakati gundi inakauka usikae mikono mitupu. Mdogo wako analeta mzigo wa watu huko kwenu, nimempakia gitaa langu. Hulijui. Nililiunga baada ya masikio kwisha. Shingo nilinunua, mwili nilichonga kutoka mbao iliyobaki kwenye mlango wa watu. Nililipima kwa tepu, na nikitaka kusikia nalibana na taya, linatetemeka mpaka kwenye meno. Lakini taya si sikio. Kila anayelipiga hapa nyumbani namtazama usoni, na kila mtu ananiinulia dole gumba. Wote. Hata wasiojua kushika. Mama yako ndiye wa kwanza, ananiinulia mawili. Nimechoka na madole gumba, mpwa wangu. Najua huruma nikiiona.

Wewe daktari ameshakuthibitisha. Lipige, uniambie.

Mjomba wako


7 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mdogo wangu alifika salama na gitaa likafika salama, ingawa alinieleza njia nzima kona kwa kona mpaka nikatamani angepanda basi. Amekula, amelala, ameondoka na mashuka yangu mawili.

Habari za gitaa jekundu kwanza. Nimeziba matundu, nimepima, fundi cherehani akapima, nikatoboa kwa keekee ya kuazima huku nimefumba jicho moja. Daraja limekaa. Nikabonyeza wima pale kwenye chuma cha kumi na mbili, nikasikia mapacha. Lakini vidole havikuamini! Vikaendelea kusukuma kama ng'ombe aliyezoea njia ya zamani. Kwa hiyo nilivifundisha upya kwenye gitaa lako, pole pole, uzi mmoja mmoja, kila siku baada ya kazi. Juzi tumerekodi. Mwalimu Mkuu alinitazama juu ya miwani wimbo mzima, na ulipokwisha akasema, "Huyu nabaki naye." Mpiga besi akanipigia makofi. Sasa mkono hauniumi.

Sasa la kwako. Barua hii nimeianza na kuichana, maana kila nikianza naona nakuinulia dole gumba. Nakupenda sana, mjomba, ndiyo tatizo. Lakini umeniomba.

Linakoroma. Uzi wa tatu, kuanzia chuma cha tano kwenda juu, unakoroma kama mlinzi. Nadhani kuna chuma kimesimama juu ya wenzake. Uzi mnene umekufa, ukiupiga unasema "puu" kama gunia limedondoka, sauti hairefuki. Na nyuzi nyembamba zina makali mno, zinachoma, kinasa sauti cha nyuma kimekaa karibu nazo kupita kiasi.

Lakini kila sauti iko mahali pake. Nimepanda hadi mwisho wa shingo, sikupata hata moja ya kusukuma. Vidole vyangu vimetulia kwa sababu ya gitaa lako, na hilo silisemi kwa huruma.

Umenikasirikia?

Kengele


15 Julai

Kengele,

Linakoroma!

Nimecheka mpaka mama yako akaja mbio na mwiko akidhani nimeangukiwa na mbao. Nikamwonyesha mstari. Akausoma, akanitazama, akachukua chaki akaandika kwenye ubao wangu wa vipimo: "Mimi nilijua." Alijua! Miaka yote ananiinulia madole gumba mawili, na gitaa linakoroma sebuleni kwake! Nimemnunia mpaka chakula kilipoiva. Halafu nikamtazama anavyoona haya, mtu mzima yule, nikacheka tena, na yeye akacheka, akalia kidogo. Anasema angeniambiaje.

Sikukasirikii. Tangu masikio yaondoke, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kazi yangu ina kosa. Wateja wa makabati wananiambia, Mungu awabariki, lakini kwenye muziki watu wamenitendea kama maiti, wananisifu tu. Wewe umeniambia uzi wa tatu, chuma cha tano. Nimeshatoa tupa. Nimeilaza kwenye benchi, inasubiri.

Lirudishe na mdogo wako akija tena huko, mashuka mwachie. Nitasugua chuma kinachozidi, nitashusha kinasa sauti, halafu nitalituma tena ulisikilize, na ukilikuta bado, useme bado. Na ule uzi mnene unaosema "puu", hukuniambia vizuri. Umekufa wote, au kuna sehemu bado una uhai? Niandikie sehemu kwa sehemu. Usinihurumie.

Mjomba wako